Kuchechemea Mbele ya Mkwe

Kwetu baba halali kwa nyumba ya binti aliyeolewa. Anakuja mchana, anakunywa chai, akichinjiwa kuku anakula, anaulizwa habari ya mvua, na jua likianza kushuka anatafuta kofia yake anaenda. Mimi nimelala kwa mkwe wangu msimu mzima wa mahindi, gorofa ya nne, hapa Nakuru mjini, na hakuna siku hata moja niliyoipenda.

Sikuja kwa hiari. Nilikuwa napakia ng'ombe kwa lori kule Subukia, kazi niliyoifanya tangu nikiwa kijana bila viatu, na fahali mmoja akanibana kwa ubao wa kupandia. Nyonga ikavunjika. Hospitalini waliniwekea chuma na skrubu, halafu daktari akasema nisirudi shambani, kule ni mlima na matope, nikae karibu. Binti yangu, ambaye ndiye mkubwa na ndiye anaamua mambo siku hizi, akasema, "Baba, unakuja kwangu." Nikamwambia hiyo haiwezekani. Akaniambia basi nishuke kitandani niende Subukia kwa miguu. Nilikuwa nimelala chali na mpira wa mkojo. Akashinda.

Nilipandishwa ngazi kwa kiti cha plastiki, nimebebwa na keateka, yule mtunzaji wa ploti, na kijana mmoja wa bodaboda. Mkwe wangu alitembea nyuma amebeba mfuko wa dawa, macho chini. Alifanya vizuri. Mkwe hamshiki baba wa mke wake hivi hivi, na baba hamwonyeshi mkwe uchungu wake. Heshima ni kila mtu kukaa upande wake.

Sasa ile nyumba. Chumba nilichopewa ni cha wajukuu, ambao wako shule ya bweni. Kitanda ni cha kupandana, mimi nikalala cha chini na mbao za cha juu zikawa ndiyo mbingu yangu. Dirisha linatazama ukuta wa ploti nyingine, karibu hivi kwamba nilijua jirani amefua nini. Ukitoa shingo na kuipinda unaona kipande cha Menengai, kidogo kama kipande cha sabuni kinachoisha. Kibarazani kuna grili ya vyuma kuanzia chini mpaka juu. Nimejenga mazizi mengi maishani mwangu na nakuambia ile grili ni kazi safi, ng'ombe hawezi kutoka.

Nje ya mlango ni ngazi, na ngazi ndizo zilikuwa lango langu. Mama mmoja wa fizio alikuwa akija Jumamosi kuninyoosha mguu, mama mnene mwenye mikono ya nguvu, hacheki ovyo. Ndiye aliyeweka sheria. Akasema, "Mzee, siku nitakuona umeshuka hizi ngazi mpaka chini na umepanda tena bila kuchechemea, utaenda kwako. Lakini ukichechemea, huo ni mfupa unakuambia bado." Binti yangu akaipokea hiyo sheria kama imetoka kanisani. Nikiuliza naenda lini, jibu ni moja: ukiacha kuchechemea.

Na mimi nilitaka kwenda. Nilikuwa na nyumba yangu ya mawe niliyoijenga mwenyewe, mimi mtu wa darasa la tatu. Nilikuwa na mke wangu huko, anakamua peke yake. Kila asubuhi alinipigia simu, nikasikia ng'ombe nyuma yake, na nikimaliza kuongea naangalia zile mbao za kitanda cha juu.

Mchana tulibaki wawili, mimi na mkwe. Binti anaenda ofisini, mume anabaki nyumbani. Hiyo pia ilikuwa inanisumbua. Anafanya kazi kwa kompyuta, anasikiliza sauti za watu wa nje huko na kuandika wanachosema. Sikumchukia. Lakini mwanamume anayekaa kwa nyumba na bibi anatoka, mimi sikujua nimwangalie vipi. Naye alikuwa ananiogopa. Kabla ya kupita koridoni anakohoa kwanza. Nikienda choo na ile fremu ya chuma ya kutembelea, anajifungia chumbani kwake mpaka nirudi, asinione navuta mguu. Chakula ananiletea, anakiweka mezani, anasema "Karibu chakula, Baba," anapotea. Tuliishi hivyo majuma.

Alasiri moja nikamsikia anaongea huko kwake, sauti ya chini, ya kubembeleza.

"Boss, usipige. Angalia mguu wangu. Siwezi hata kukimbia."

Nikajua tumeingiliwa na wezi. Nikainuka na fremu yangu, nikafika, nikasukuma mlango na bega. Alikuwa peke yake, masikio yamefunikwa na hedifoni, anaangalia kompyuta. Aliponiona akaruka juu na kusimama wima kama askari jela.

"Baba. Pole. Nimekusumbua?"

"Nani anataka kukupiga?"

"Hakuna mtu, Baba. Ni gemu."

"Na mguu wako una nini?"

"Si wangu." Akaonyesha kwa kioo, ameona haya. "Ni wa huyu."

Nikaangalia. Kulikuwa na mtu wa picha kwa nyasi ndefu, suruali imeloa damu pajani, anashika hapo na mkono mmoja, anavuta mguu. Mbele yake amesimama mwingine na bunduki. Nikangoja aue. Yule wa bunduki akaangalia, akaangalia, halafu akaishusha. Akaja akapiga magoti, akatoa kitambaa, akaanza kumfunga.

Sikuelewa. "Mbona hajakuua?"

Hapo ndipo mkwe wangu aliongea na mimi maneno mengi kwa mara ya kwanza tangu alete mahari. Akaniambia hiyo gemu ni ya kuishi tu. Unaamkia porini huna kitu, unatafuta maji, kuni, chakula cha mkebe, na kila unayekutana naye ni mtu wa kweli amekaa kwake mahali fulani, Eldoret, Kampala, popote, na anaweza kukuua achukue mkebe wako.

"Huku kila mtu anasema yeye ni rafiki, Baba. Ukigeuka anakupiga kisogoni. Kwa hivyo mdomo hauaminiwi. Lakini mwili haudanganyi. Ukiumia, gemu yenyewe inakuchechemesha. Damu inadondoka unapopita. Ukishika bunduki mkono unatetemeka. Sasa mwenye kukuangalia anajua huyu hawezi kunifanya kitu. Ndiyo anakuja karibu."

"Na ukijifanya umeumia?"

"Huwezi. Hakuna mahali pa kubonyeza uchecheme. Lazima uwe umeumia kweli."

"Na kuficha?"

"Kuficha pia hakuna."

Nilicheka. Nikamwambia hilo ni soko la wajinga. Nikamweleza soko la kweli. Ng'ombe akiwa na mguu mbaya, muuzaji humwoni akikuonyesha. Kuna broka, dalali wa ng'ombe, anachukua kijiwe na kukisukuma katikati ya kwato la mguu ule mzima. Sasa ng'ombe anaumwa pande zote mbili, anakanyaga polepole sawasawa, hachechemei tena. Mnunuzi anasema huyu ni mpole. Anampeleka nyumbani, anatoa kijiwe, na kesho anaona amenunua mguu mmoja. Mimi hilo halikuwahi kunipata. Nilikuwa nawatembeza kwa mawe, napanda nao na kushuka, nainua kila kwato na mkono wangu. Mabroka walikuwa wakiniona naingia sokoni wanahamisha ng'ombe.

Mkwe alikuwa anasikiliza. Nikaona ameketi. Hajawahi kuketi mbele yangu bila kuambiwa.

"Kwa hivyo wewe, Baba, ungeishi muda mrefu huku," akasema.

"Nionyeshe."

Wajukuu wana kompyuta yao kwa kile chumba changu, nimekuwa nikitundikia taulo hapo. Akaiwasha, akaniwekea hedifoni, akaniuliza nataka kuwa nani. Nikamwambia nitakuwa mimi. Akanitafutia mtu mwenye nywele nyeupe. Halafu akarudi kwake, tukawa kila mtu chumbani kwake, ukuta katikati, na sauti yake iko ndani ya sikio langu. Na unajua, ile sauti haikuwa ya mkwe. Ilikuwa ya mtu mwenye raha zake.

"Kushoto, Baba. Kushoto. Hiyo ni kulia."

"Hii kitu inateleza."

"Usishike mausi kama jembe. Acha kidole kipumzike. Baba, simama, hapo ni mwamba."

Nilishaanguka. Mtu wangu akainuka anavuta mguu, anapumua kama punda, na damu inatoka nyuma yake tone tone. Mkwe alikuwa mbali, ng'ambo ya mto, akasema anakuja. Nikaona kibanda cha mabati, nikaingia, nikafunga mlango. Ndani giza. Nikakaa.

Halafu nikasikia sauti ya kijana nisiyemjua, nje ya mlango.

"Niaje boss. Naona damu imeishia hapa. Niko na bandeji. Toka nikuone."

Sikufungua.

"Msee, unaisha humo. Toka tu."

Mkwe akasema sikioni, "Baba, fungua. Simama akuone vizuri."

"Anione nikivuta mguu?"

"Ndiyo. Akikuona hivyo hatakuogopa."

Nikabonyeza ile ya kuongea, nikamwambia yule kijana, "Kama unataka kusaidia, weka hiyo bandeji hapo chini uende zako."

"Wueh. Kumbe ni mzee wa ukweli. Mzee, huku hatuachiani vitu mlangoni. Lazima nikufunge mimi."

"Basi enda."

Hakuenda. Alikaa hapo nje akiniongelesha mpaka kioo changu kikawa chekundu, kikawa cheusi. Jambo la mwisho nililosikia ni yeye akiniita guka, yaani babu, "Ameenda. Huyo guka alikuwa mgumu."

Nilikasirika kweli. Nilivua hedifoni nikaitupa kitandani. Chakula cha jioni sikuongea. Binti yangu akauliza kama nyonga inauma. Nikamwambia hapana, na mkwe akaangalia sahani yake.

Lakini kesho yake nilirudi. Ningefanya nini kingine? Ule ukuta wa jirani nilishaumaliza. Tukawa tunacheza kila siku akimaliza kazi, kabla mke wake hajarudi. Nilijifunza kuwasha moto, kutega sungura, kutambua mtu kwa mbali anavyokanyaga. Hiyo ya mwisho hakunifundisha, nilikuja nayo. Nikajifunza pia kwamba jeraha la mguu unaweza kujifunga, polepole, lakini la mgongo hujifungi. Mikono haifiki. Hapo unatafuta mtu au unakufa.

Siku moja mwanamke mmoja alikuja kwa moto wetu akichechemea, mikono juu, mgongo umechanika. Mkwe akasema nimfunge mimi. Nikazunguka nyuma yake, nikamfunga. Akatupatia mkebe wa maharagwe. Nikamuuliza kwa nini alitukaribia na sisi ni wanaume wawili. Akasema, "Niliona huyo wa nywele nyeupe anavuta mguu, nikajua hapa si pabaya." Ni kweli, nilikuwa nimeumwa na mbwa. Nikavimba kichwa siku nzima, sijui kwa nini.

Kwa miguu yangu mwenyewe, hii ya nyama, mambo yalikuwa yamesimama. Mwanzoni nilikuwa napata nafuu. Halafu uchungu ukaanza kurudi, ndani kabisa, kama mtu anapekecha na kijiti. Nikikanyaga mguu wa kulia mwili unainama wenyewe. Mama wa fizio aliona, akasema, "Bado." Wiki iliyofuata, "Bado." Akauliza kama uchungu umeongezeka, nikasema hakuna uchungu, ni uzee tu. Mke wangu alikuwa amenipigia kusema mtamba wetu anakaribia kuzaa, mara ya kwanza, na makalio yake ni membamba. Hakusema njoo. Lakini nilijua atakavyokuwa pale zizini peke yake na kamba mkononi.

Kwa hivyo nilifanya nilichofanya. Jumamosi asubuhi nikaingia jikoni kwa binti yangu, nikachukua mahindi makavu ya kupika githeri, punje chache, nikaziweka kwa kiatu cha kushoto, chini ya kisigino. Mguu ule mzima.

Sikuona kama ni uongo. Niliona ni kazi. Nimewashika mabroka wa huu mchezo miaka yote, mimi ndiye ninayejua unavyofanywa vizuri.

Tukashuka. Mama wa fizio mbele, anageuka kila mara kuniangalia kiunoni. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Mkwe nyuma yangu, mikono tayari lakini hanigusi. Punje zilinichoma mpaka machozi yakanilenga, na nyonga nayo inapekecha, na kwa sababu ya kuumwa pande zote nilikanyaga sawasawa, polepole, kama mzee anayeenda kuchukua sakramenti. Nikafika chini. Nikapanda. Kwa mlango yule mama akasema, "Unatembea taratibu, lakini umenyooka. Sawa mzee. Umefanya kazi."

Binti yangu akanikumbatia. Akapiga simu Subukia papo hapo. Nikasikia mke wangu akicheka kwa simu. Ikapangwa niende Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada.

Mkwe akasema, "Hongera, Baba." Na alikuwa anaangalia kiatu changu cha kushoto.

Sasa ndiyo nilifungwa kweli. Kwanza nilikuwa nimefungwa na ngazi, sasa nilifungwa na mdomo wangu. Kutoka Jumamosi ile mguu uliharibika. Usingizi ukapotea. Nikigeuka kitandani nasikia kitu ndani kinasogea, kitu cha chuma. Nilijua hali ya huo mguu, mimi mtu wa kujua miguu. Nilijua nikipanda ule mteremko wa kwangu na matope ya msimu, nitaanguka, na nikianguka huko hospitali ni mbali. Lakini ningesema nini? Kwamba nimedanganya mama wa fizio, na binti, na mke wangu aliyeanza kupaka chumba rangi? Nilikuwa nimeuza ng'ombe mbovu na mnunuzi ni mimi. Mezani nikiulizwa naendeleaje, nasema, "Niko sawa. Ni uchovu tu. Nitapumzika nikifika nyumbani." Nilisema hivyo kila siku. Niliweka zile punje kila asubuhi kabla binti hajaamka, nazitoa akienda kazini.

Siku chache kabla ya Jumapili, mkwe aliniuliza kama tutacheza. Tukaingia, kila mtu chumbani kwake. Tulikuwa tunapita msituni karibu na ziwa la huko kwa gemu, na mtu mmoja aliyejificha akampiga mkwe mshale wa mgongo na kukimbia. Nikamfikia. Mgongo wote ulikuwa damu. Nikatoa bandeji, nikazunguka nyuma yake. Akasogea mbele.

"Simama nikufunge."

"Niko sawa, Baba."

Nikamfuata. Akasogea tena. Damu inadondoka kwa majani.

"Hauko sawa. Mgongo umepasuka, naona mimi."

"Ni uchovu tu."

"Kijana, wacha mchezo. Utakufa."

"Niko sawa. Nitapumzika nikifika nyumbani."

Mkono wangu ukasimama juu ya mausi.

Kwa hedifoni nilisikia anapumua, na kwa ukuta nilisikia kiti chake kinalia. Mtu wake alikuwa ameanza kuyumba, anashika mti, na hageuki.

Nimefikiria sana ile alasiri. Yeye hakuwa na njia nyingine. Mkwe hawezi kumwambia baba wa mke wake wewe ni mwongo. Hata angeniona nimebeba gunia la mahindi ndani ya kiatu, hana mdomo wa kusema. Hata mke wake angemuuliza mbona unanitukania baba. Kwa hivyo alichukua mwili wa picha akaniwekea mbele.

"Kijana," nikasema.

"Naam, Baba."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu gorofa ya kwanza tukishuka." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulikuwa unachechemea miguu yote miwili."

Mtu wake akapiga magoti.

"Baba, nifunge basi. Nakufa kweli sasa."

Nikamfunga. Ilichukua muda. Alipoinuka nikavua hedifoni, nikagonga ukuta.

"Njoo hapa."

Akaja. Akakohoa nje ya mlango, kama kawaida. Nikamwambia aingie. Nikavua kiatu cha kushoto, nikamimina zile punje kitandani. Halafu nikakunja suruali ya kulia mpaka juu, mpaka mahali ambapo mkwe hapaswi kuona, nikamwonyesha nyonga. Ilikuwa imevimba na ngozi inang'aa. Aliangalia. Hakugeuza uso. Akasema, "Hii haingoji Jumapili," na akampigia mke wake.

Binti yangu alifika akiwa na viatu vya ofisi mkononi, amepanda ngazi pekupeku. Akaona punje.

"Mahindi, Baba? Mahindi yangu ya githeri?"

"Yalikuwa hapo tu."

"Unajua ningekupeleka Subukia nikakuacha huko na huo mguu?"

"Najua."

"Unajua lakini hukusema. Na huyu naye alijua." Akamgeukia mume wake. "Wote wawili. Mmekaa hapa mnacheza gemu." Akaenda jikoni. Nilisikia amefungua maji ya bomba na hakuna anachoosha.

Safari hii, ya kwenda hospitali, keateka alikuwa ametoka, kwa hivyo kiti kilishikwa na mkwe wangu na kijana wa duka la chini. Mkwe alishika mbele, anashuka kinyumenyume, uso wake na wangu umetazamana gorofa zote. Kila kona ilinipata. Pale gorofa ya pili nililia kwa sauti, na milango ikafunguliwa, mama mmoja akatoka na mtoto mgongoni akasema "Pole, guka," akashika mguu wa kiti upande mmoja bila kuulizwa. Mkwe akaniambia, "Lia tu, Baba. Tunakaribia."

Skrubu moja ilikuwa imerudi nyuma na mfupa haukuwa umeshika. Daktari akauliza kama sikusikia uchungu. Nikamwambia niliusikia vizuri sana. Walinifungua tena, wakatoa hiyo skrubu, wakaweka chuma kirefu zaidi. Daktari akasema ningeenda shambani na ule mguu, hiyo nyonga ingeachana kabisa na singetembea tena. Kwa hivyo mguu ulibaki. Lakini muda wote ulianza upya. Nikarudishwa gorofa ya nne, kitanda kile kile, mbao zile zile.

Nilimpigia mke wangu mwenyewe. Sikumwachia binti.

"Sitakuja Jumapili."

"Nimesikia."

"Nilidanganya. Mguu ulikuwa mbaya na nikauficha."

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Ulikuwa unakuja kufanya nini huku na mguu wa uongo?" akasema. "Nikushike wewe ama nishike mtamba?"

Mtamba alizaa salama. Jirani alimsaidia kuvuta.

Wiki iliyofuata alikuja kuniona. Akapanda zile ngazi na miguu yake mizuri, amebeba kibuyu cha maziwa lala na mahindi mabichi kwa kitambaa. Akasalimia mkwe kwa mbali, na mkwe akatuachia nyumba, akashuka kukaa kwa keateka. Nikainuka na fremu kwenda kumfungulia. Nilichechemea kutoka kitandani mpaka mlangoni, nikainama upande kila hatua, na aliangalia yote. Akaketi sebuleni. Akaniambia nimekuwa mweupe kama kuku wa gredi, wale wa kufungiwa. Akaniambia ndama ni jike, ana alama nyeupe kwa paji. Akauliza hiyo gemu ni nini, nikamwonyesha, akaangalia kidogo, akasema ni upuzi lakini hao watu wana moto mzuri.

Nilitaka akae. Lakini mama mkwe halali hapo, hata kidogo, na ng'ombe wanangoja kukamuliwa. Alasiri akafunga leso, akachukua kibuyu kitupu.

"Utakuja lini?" akauliza, na safari hii alikuwa anaangalia mguu.

"Sijui."

"Haya. Hilo naliamini."

Akashuka. Nilisimama mlangoni na fremu yangu, nikasikia viatu vyake vikienda chini, gorofa baada ya gorofa, haviharakishi, vinapungua. Nikasikia akimsalimia mkwe huko chini. Halafu geti la chuma likagonga, nikabaki nimesimama pale juu ya ngazi, hewa ya saruji usoni, mpaka mguu ukaanza kutetemeka na nikarudi ndani.